Kadi ya Malindi na Kijiti cha Mto

Vijana mlioajiriwa juzi kwenye pampu za jua, msimamizi wenu aliniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu kazi yetu ya zamani, jinsi tulivyokuwa tukivuta maji ya Tana kwa injini za dizeli wakati wengi wenu mlikuwa bado mnanyonya. Nimekubali, na pampu nitazisema. Lakini nimeshika kalamu siku ya tatu leo, na kila nikianza na pampu naishia kwa Katana. Basi heri nianze naye. Nilimwonea Katana wivu kwa miaka ishirini na mbili, na wivu huo ulimgharimu mke wangu vidole vitatu vya mguu.

Mimi ni Buya, mzaliwa wa Wema. Niliingia kwenye shamba la mpunga karibu na Garsen kama kibarua wa kuchimba mifereji, nikahamishiwa kwenye pampu kwa sababu aliyekuwepo alikimbia kiboko na hakurudi hata kuchukua viatu vyake. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Guyo, Muorma ambaye ukame ulimmalizia ng'ombe akaamua kuchunga injini. Alizichunga kweli. Asubuhi alizizunguka zote, akizipapasa, akizisemesha, na akikuta moja inavuja mafuta alisikitika kama imezaa ndama mfu.

Guyo alinifundisha kwamba pampu hainyonyi hewa. Kabla ya kuwasha, unaijaza maji kwanza mpaka bomba la kunyonyea lijae, ndipo unapiga injini. Ukisahau, itazunguka kavu, itapata moto, na ndani kutaungua. Alinifundisha pia kusikiliza beringi kwa kijiti: unaweka ncha moja kwenye chuma, nyingine sikioni, unafumba macho. Beringi nzima ina sauti ya mtu anayepiga mluzi mbali. Beringi inayokufa inasaga, kama mtu anakula wali wenye mchanga. Ninyi mna vioo vya kuwaambia haya yote kwa taa nyekundu na kijani. Hilo nalo nawaonea wivu, nisiwafiche.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa la mto. Guyo alikuwa na desturi aliyoitoa kwenye kuvusha ng'ombe. Alichonga mti mrefu, akaukata alama kwa panga kila upana wa kiganja, akauchomeka ukingoni mahali ambapo maji hayana haraka. Kwa alama hizo alijua mto umepanda viganja vingapi tangu jana, na kama zile pampu zetu nzito zibaki kando ya maji au trekta ije izivute juu.

"Wewe angalia kijiti, wacha kuangalia mawingu," aliniambia. "Mvua ya hapa si kitu. Mto inaleta maji ya watu wa juu."

Na akaongeza jambo ambalo nilipaswa kulishika kuliko yote.

"Kijiti inakuambia maji ya leo peke yake. Ya kesho, uliza mtu wa Hola."

Hola iko juu yetu. Maji yakipita kule, sisi tunayapata siku kadhaa baadaye, hata kama Garsen jua linawaka na vumbi linaruka. Ndiyo maana mgeni hupigwa na mafuriko yetu akiwa ameanika nguo.

Guyo alipostaafu, nilibaki na vijiti. Miaka ikapita, na kampuni nzima, kuanzia wapishi mpaka injinia, ilikuwa ikiniuliza mimi: "Buya, mto unasemaje?" Nilipenda swali hilo. Nilikuwa nalijibu taratibu, nikitazama mbali kidogo, hata kama jibu nilikuwa nalo tangu asubuhi.

Ndipo akaja Katana.

Alikuwa Mgiriama wa Tarasaa, mdogo wangu kwa miaka kama kumi, mwembamba, mwenye bisibisi moja kwenye mfuko wa shati. Injinia akaniambia nimfundishe. Nilimfundisha, ila sikumfundisha yote. Ile habari ya kuijaza pampu maji kabla ya kuwasha niliiruka. Nilitaka aunguze moja, niitwe, nije nitengeneze mbele za watu. Katana akawasha pampu kavu, akaisikia inavyolia, akaizima mara moja mwenyewe. Alikaa chini akaitazama muda mrefu. Kesho yake alikuja na ndoo aliyoitoboa na kuitia mdomo wa bati, ya kujazia pampu bila kumwaga. Ndoo ile ilikuwa nzuri hata injinia aliagiza nyingine kwa kila pampu, na mpaka ninastaafu ilikuwa ikiitwa ndoo ya Katana. Ndoo ya Katana! Mimi nimemaliza miaka pale na hakuna hata kifuniko kinachoitwa kwa jina langu.

Tena hakuhitaji kijiti cha sikioni. Aliweka kiganja kwenye beringi akasema, "Hii ina wiki mbili." Mimi nikaja na kijiti changu, nikasikiliza, nikasema miezi miwili. Siku ya kumi na tatu ilikatika. Nilikwenda nyumbani siku hiyo sikula. Hawayu, mke wangu, aliniuliza nimeugua nini, nikamwambia tumbo.

Vilevile alikuwa na watu. Mimi mto niliusoma peke yangu, lakini Katana alifanya urafiki kwa simu na mwuza samaki mmoja wa Hola, wakawa wanapigiana kama mabinti. Yule alimweleza maji yamefika wapi kule. Nilijua ndilo lile agizo la Guyo, kuuliza mtu wa Hola, na kwamba Katana ameshika mwisho wa agizo ambao mimi niliuacha. Sikumwomba namba ya yule mtu hata siku moja. Ningekufa kwanza.

Sasa sikilizeni habari ya kadi, maana karani wa ofisi yenu atawawekea karatasi hizo hizo mezani.

Tulipokuwa watu wa msimu, tusio na mkataba wa kudumu, tulijiandikisha wenyewe kwenye bima ya ruzuku. Unatoa kiasi kidogo kulingana na hali yako, kinachobaki unalipiwa. Hawayu ana sukari, na kwa bima ile alikuwa akipata dawa na kupimwa kila mwezi kwenye kituo cha afya Garsen. Nesi wa pale alimjua kwa jina, na alimgombeza akinenepa. Hatukuwa na shida.

Kisha Katana akapandishwa cheo akawa msimamizi wa pampu. Sitaeleza nilivyopokea habari hiyo, itoshe kusema niliacha kumwamkia kwa wiki nzima. Wasimamizi walipewa bima ya kampuni. Katana akaja na kadi ya plastiki, ngumu, yenye picha yake akiwa ametazama mbele kama waziri. Kadi ile ilikubaliwa kwenye hospitali za kulipia Malindi na Mombasa. Mke wake Sidi alijifungua Malindi kwenye chumba chenye kiyoyozi, akaletewa chakula kwenye sinia lenye vigawanyo. Najua habari ya vigawanyo kwa sababu Katana alitusimulia tukiwa tunakula ugali, tumezunguka sufuria moja.

Mwaka mzima niliitazama kadi ile. Aliivaa shingoni. Akiinama kufungua nati ilining'inia, ikigonga chuma, ti, ti, ti. Mimi nilikuwa nasikia mlio huo hata nikiwa nyumbani.

Mwaka uliofuata kampuni ikatuajiri sisi wengine kwa mkataba, na karani akatuita kikao. Akasema kila mmoja achague. Anayetaka bima ya kampuni atakatwa kwenye mshahara, atapata kadi yeye, mwenzi wake na watoto. Anayetaka kubaki kwenye ile ya ruzuku abaki. Ila kuwa na zote mbili haiwezekani: ukikubali ya kazini, kule kwenye ruzuku unafutwa, kwa sababu unahesabika kuwa una mwajiri wa kukubeba. Na ukishachagua, kubadilisha ni mpaka mwaka uzunguke.

Tulipotoka, Katana alinifuata mpaka kwenye kivuli cha trekta.

"Kaka Buya," alisema, "wewe baki na ya ruzuku. Mimi nakaa Tarasaa, ni barabara moja tu mpaka Malindi. Wewe na mama mko Wema, na dawa zake ziko Garsen. Hii kadi haikufai."

Maneno yalikuwa yamenyooka. Ukiyasoma sasa huoni ubaya wowote ndani yake. Mimi nilimtazama usoni nikaona mtu anayetaka awe mwenye kadi peke yake kwenye pampu zote za Garsen. Nikamjibu, "Asante," na moyoni nikasema utaona.

Nyumbani Hawayu alikuwa anapepeta mchele. Nilimweleza nusunusu, nikianza na kiyoyozi.

"Baba Jillo, mimi sukari yangu iko Garsen," alisema. "Nesi ananijua. Huko Malindi nitakwenda kumwambia nani?"

"Utawaambia una kadi."

"Nikiamka kichwa kinazunguka, kadi itanipeleka Malindi?"

"Sidi si anakwenda?"

Akaweka ungo chini. "Kumbe ni habari ya Sidi," akasema. "Mimi nilifikiri ni habari yangu."

Nilikwenda ofisini asubuhi iliyofuata nikatia sahihi ya kampuni. Picha nilipiga mara tatu mpaka nikaridhika. Kadi ilipofika niliitia kwenye kimfuko cha plastiki nikaivaa, na siku hiyo niliinama mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Zingatieni yaliyofuata, maana yalikwenda polepole na mimi niliyaona yote. Mwezi wa kwanza Hawayu alikwenda Malindi kwa dawa, akaondoka alfajiri akarudi usiku. Mwezi wa pili alikwenda tena, akarudi miguu imevimba kwa kukaa garini. Mwezi wa tatu alisema dawa zimebaki, ataenda mwezi ujao. Nilimwona akikata kidonge katikati kwa kisu cha jikoni. Nilinyamaza, kwa sababu kusema kungekuwa kusema Katana alikuwa sahihi.

Mto ukapanda mwezi wa nne. Mvua ya kwetu ilikuwa ya kawaida tu, lakini kijiti changu kilipoteza viganja viwili kwa usiku mmoja, na nikapiga kelele trekta iletwe. Tulizivuta pampu zote mpaka kwenye mwinuko. Katana alibaki Garsen na boti ya kampuni. Mimi nikarudi Wema kuokoa vyangu.

Wale wa kwetu wanajua Wema inavyokuwa wakati huo. Kijiji kinakuwa kisiwa, mtu anakwenda kwa jirani na mtumbwi. Kutoka hapo mpaka Garsen unafika kwa maji, ukipata chombo. Lakini mbele ya Garsen, barabara ya kwenda Malindi ilikuwa imekatika, magari yamepanga mstari huku na huku, watu wanatazamana.

Hawayu alikuwa anahamisha kuku na mikungu ya ndizi juu ya kichanja. Kwenye tope alikanyaga kisiki. Hakusikia maumivu. Sukari ikikaa sana inaua hisia za miguu, nesi wa Garsen alikuwa amemwonya kila mwezi avae viatu na atazame nyayo zake jioni, lakini nesi huyo hakuwa amemwona kwa muda. Niligundua mimi, nilipoona alama za damu kwenye mkeka. Kilikuwa kitundu kidogo tu karibu na kidole gumba. Tuliosha kwa maji ya chumvi tukafunga kitambaa.

Siku ya pili mguu ulivimba. Jirani yetu akasema ana mtumbwi, atupeleke Garsen kituoni.

Hapa ndipo nataka mnisome vizuri. Ningeweza kukubali. Garsen tungefika mchana ule ule. Lakini kadi yangu Garsen haikuwa na kazi, ningeingia pale mikono mitupu, mbele ya nesi aliyekuwa akimtibu mke wangu mpaka nilipomtoa mwenyewe. Na Katana alikuwa pale pale Garsen, angesikia kabla ya jioni. Malindi kadi ingefungua kila mlango. Nilitaka kufika Malindi. Nilitaka hiyo kadi ifanye kitu, hata mara moja, ili iwe nilichagua vyema.

Nikaenda kutazama kijiti. Nilikuwa nimechomeka kingine nyuma ya nyumba. Maji yalikuwa yamesimama, alama ile ile ya asubuhi. Nikarudi nikamwambia jirani, "Acha. Mto umechoka. Siku tatu barabara itafunguka, nitampeleka Malindi, huko kuna madaktari."

Jirani akaniuliza, "Hola wanasemaje?"

Nikamwambia sihitaji Hola, ninajua mto.

Simu ilikuwa mfukoni mwangu, na chaji ilikuwepo. Ningempigia Katana kwa dakika moja angenieleza. Niliitoa mfukoni mara mbili nikairudisha. Siku hiyo nzima nilijitia shughuli na kuku.

Siku ya tatu Hawayu alikuwa na homa. Hakulalamika, alilala ametazama ukuta. Siku ya nne niliamka nikakuta kijiti hakionekani. Maji yalikuwa yamekifunika chote, yakapita juu yake, yakaja mpaka kwenye mawe ya jiko. Nilisimama kwenye maji hayo nikavua kadi shingoni, nikaitazama ile sura yangu iliyopigwa mara tatu, na nikaogopa kwa mara ya kwanza. Jirani alikuwa ameshaondoka na mtumbwi wake kupeleka watoto.

Boti niliisikia kabla sijaiona. Nikaitambua injini yake, na nikajua anayeiendesha ni nani kwa jinsi ilivyotulia. Katana alikuwa amekuja kunichukua, pampu zisogezwe juu tena. Aliruka akaingia ndani kumsalimia mke wangu, akasimama mlangoni. Harufu ilimfikia.

"Kaka Buya, hii ni tangu lini?"

"Nilikuwa nangoja maji yashuke."

"Yashuke?" Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Hola wamenipigia tangu juzi! Maji bado yanakuja, wiki nzima! Kwa nini hukupiga simu?"

Alimbeba Hawayu mikononi, mimi nikabeba kanga na birika, sijui birika la nini.

Pale kituoni niliitoa kadi kwa mazoea. Karani wa mapokezi akaigeuza huku na huku. "Mzee, hii kwetu hapa haifanyi kazi," alisema kwa upole. "Ile yenu ya zamani je?" Nikamwambia nilijitoa. Katana akasogea akasema yeye atasimama dhamana, wamwingize mama ndani kwanza, mengine baadaye. Wakamwingiza. Tabibu akatoka baada ya muda akatuambia mguu utapona, lakini vidole vitatu vimekufa na lazima vitoke, na kwamba angeletwa siku ya kwanza au ya pili tusingekuwa tunazungumza habari hiyo.

Kabla ya kupelekwa chumba cha upasuaji, Hawayu alinyoosha mkono. Nikasogea. Mkono ukanipita ukashika wa Katana. "Asante ndugu yangu," akasema.

Nitawaambia kilichonipitia, kwa sababu sitaki kuwaficha. Mke wangu alikuwa anakwenda kukatwa vidole, na mimi nilisimama pale nikimwonea Katana wivu kwa kushikwa mkono.

Mwaka ulipozunguka nilirudi kwenye ruzuku. Fomu alinijazia Katana, kwa kuwa mwandiko wake unasomeka, hilo nalo. Nesi wa Garsen alimpokea Hawayu bila kuuliza chochote. Anatembea, mnamwona. Amebadilisha mwendo tu, anaanza na kisigino, na huchelewa kidogo. Tangu siku ile nimekuwa nikitembea mbele yake hatua kumi, kumi na tano. Watu wanadhani ni haraka ya wazee. Ni kwamba sikuweza kuutazama ule mwendo.

Msije mkasema Mzee Buya anawakataza bima ya kazini. Katana imemfaa mpaka leo, na Sidi ana watoto watatu wa kiyoyozi. Ninachowaambia ni mtazame karatasi kama mnavyotazama pampu. Ulizeni inanyonya kutoka wapi. Nani nyumbani anaumwa, na anatibiwa na nani sasa hivi. Je, ukijitoa utarudi lini. Mwezi wa nne barabara ikikatika, hospitali yako itakuwa upande gani wa maji. Mimi kampuni nzima iliniuliza habari za mto kwa miaka ishirini, na mto huo huo sikuuingiza kwenye hesabu siku niliyoshika kalamu ya kutia sahihi. Nilikuwa nimeiangalia shingo ya Katana tu.

Ningemaliza hapo, lakini juma lililopita kuna jambo. Binti yetu wa mwisho, Maro, ni mmoja wenu. Ameajiriwa kwenye pampu za jua, na karani amempa siku saba achague, ya kampuni au ya ruzuku. Alikuja nyumbani jioni na simu yake mkononi, fomu iko humo humo siku hizi, hata kalamu hakuna. Nilijikohoza, nikaweka kiti sawa, nikajitayarisha kushauri.

"Baba, nishamuuliza Uncle Katana," akasema.

Hawayu alikuwa anachambua mboga. Aliinua macho akanitazama, akangoja. Mimi nilihisi kile kitu cha zamani kinapanda kifuani, kiganja kwa kiganja. Binti yangu mwenyewe! Nimekaa hapa nimestaafu, sina la kufanya ila kushauri, na amempelekea yule!

"Haya," nikasema. "Kasemaje Katana wako?"

"Kasema yeye hawezi kunijibu." Maro alicheka kidogo, hakujua anachobeba. "Kasema hiyo ni habari ya kujua mto, na Garsen hii hakuna anayejua mto kama baba yako. Kasema, kamuulize, halafu uje uniambie alivyokujibu, na mimi nijifunze."

Nilimwona tena akilini yule mwembamba mwenye bisibisi, amekaa mbele ya pampu kavu, anaitazama tu, hamkasirikii aliyemficha. Alijua. Tangu ile siku ya ndoo alijua. Na bado nilimwonea wivu, sasa hivi kwa wema wake, na nadhani wivu huo nitazikwa nao.

"Mpigie," nilimwambia Maro. "Mwambie anipe namba ya mtu wa Hola."

Kisha nikachukua panga, tukashuka ukingoni kuchonga kijiti kipya, nimwonyeshe maji yanafika wapi na barabara inakatika wapi, ndipo achague mwenyewe. Maro alitangulia. Hawayu alijifunga kanga akasema naye anakuja. Nilikuwa nimeshapiga hatua kumi nilipomsikia nyuma yangu, kisigino kwanza, kisha ule mguu mwingine. Nilisimama, nikamngoja mpaka akafika, tukashuka pamoja kwa mwendo wake.